Ile picha si ya galaksi yetu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana, na makosa yenu mengi nimeyameza. Falaki mmeiita unajimu, nikanyamaza. Lakini ile makala ya mwezi uliopita kuhusu galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota, yenye picha ya rangi ya nusu ukurasa, imenishinda.

Chini ya picha mliandika kuwa hiyo ni galaksi yetu, Njia Nyeupe, "ikionekana kutoka angani". Nani alitoka nje akaipiga? Njia Nyeupe ina upana wa takriban miaka 100,000 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima), na sisi tumo humo humo ndani. Chombo cha anga cha Voyager 1 kiliondoka duniani mwaka 1977 na mpaka leo hakijamaliza hata mwaka mmoja wa nuru. Aliyefungiwa chumbani anaweza kukuhesabia makuti ya paa, si kukupa picha ya nyumba aliyoipiga kutoka barabarani. Picha ile ni ya Andromeda, galaksi jirani yetu. Nimeijua kwa vile vidoa viwili vya mwanga pembeni yake, ambavyo labda mlidhani ni uchafu wa wino.

Tena vidoa hivyo ndivyo vinavyowaumbua. Mwandishi wenu anasema kila galaksi ina mikono inayozunguka. Basi vile navyo ni galaksi, M32 na M110, na havina mkono hata mmoja: ni duaradufu, umbo la yai. Mwanafalaki Edwin Hubble alizipanga galaksi kwa maumbo tangu mwaka 1926. Kuna zilizojiviringa kama donge la chapati kabla ya kusukumwa, na kati ya hizo zimo zenye kitu kama ufito katikati, yetu ikiwamo. Kuna za duaradufu, kama M87 ambayo shimo lake jeusi, pale ambapo hata nuru haitoki, lilionyeshwa dunia nzima mwaka 2019. Na kuna zisizo na umbo la kueleweka.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliikata picha yenu akaibandika kwenye manila kwa kazi ya shule. Nikamwambia afute "galaksi yetu" aandike Andromeda. Akanitazama kwa huruma. "Babu, hili limo gazetini. La kwako limo wapi?" Nikatoa kitabu changu, jalada limeliwa na mchwa, akasema hicho ni cha zamani. Wageni wawili walikuwa barazani wanakunywa kahawa, wakacheka. Manila ikaenda shule kama ilivyo na ikarudi na 20 kwa 20, alama ya vema ya wino mwekundu imepita juu kabisa ya neno "yetu". Miaka 34 nimeshika chaki, Mhariri, nimekuja kushindwa na maandishi ya chini ya picha!

Ningemtoa mtoto nje usiku ajionee, ila usiku wenyewe siku hizi hatunao. Kusini mwa nyumba yangu umejengwa ukumbi wa harusi, na taa zake nne zinawaka mpaka alfajiri hata siku ambayo hakuna anayeoa. Nilipomwendea mwenye ukumbi alinijibu, "Mwalimu, mwanga ndiyo maendeleo." Upande huo huo ndiko yaliko Mawingu ya Magellan, galaksi mbili zisizo na umbo maalumu, zinazoonekana kwa macho matupu. Aliyeko Ulaya hazioni mpaka apande ndege. Sisi tumepewa bure, tunazifunika kwa taa za biashara.

Ninachoomba si masahihisho ya mistari miwili ukurasa wa ishirini. Katikati ya Novemba, usiku usio na mwezi, mleteni mwandishi wenu huku Kilwa, nauli mlipe ninyi. Saa tatu usiku nitamsimamisha ufukweni, mbali na ule ukumbi. Kaskazini nitamwonyesha Andromeda, kile kiwingu ambacho mwanafalaki wa Uajemi, Al-Sufi, alikiandika mwaka 964. Kisha nitamgeuza kusini alione Wingu Dogo la Magellan. Aje na mkeka wake na kalamu nyekundu. Manila ya mjukuu nitaibeba mimi, asahihishe kwa mkono wake.

Mwalimu mstaafu,
Kilwa Masoko