Kitabu Kilichokaa Juu ya Kabati

Zuhura mama,

Kifurushi kimeshatoka posta, kitakufikia kabla ya Ijumaa. Ndani kuna kile kitabu cha Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa dadu na hadithi za kubuni, ulichokitafuta mpaka ukalia, ulipokuwa na miaka 12, nami nikakuambia labda wageni wamekichukua. Hakuna mgeni aliyekigusa. Nilikificha mwenyewe juu ya kabati, nyuma ya sanduku la bibi yako, na uongo ule nimeubeba miaka 14.

Unakumbuka nilikununulia mwenyewe, dola 2, kwenye duka la mitumba hapa hapa Milwaukee. Nilidhani ni ngano za watoto. Usiku mmoja nikakifungua, nikakutana na askari aliyevaa chuma mwili mzima, yuko peke yake, mashetani yenye mapembe na mabawa yamemzonga. Audhubillahi! Nikasema hiki hakilali chumba kimoja na mwanangu. Kumbe wazazi wa Kimarekani walishaingiwa na hofu hiyohiyo miaka ya 1980, tena kwa makelele kuliko yangu. Na kumbe yule askari ndiye mtu mwema wa picha nzima. Sikumtazama, niliona mapembe tu.

Juzi nimekishusha kukipangusa vumbi, nikaishia kulitazama jalada mpaka chai ikapoa. Lile sanamu kubwa jekundu, lina bakuli la moto mapajani, na wezi wawili wamelipanda hadi usoni, wanalibandua jicho la kito. Hilo ndilo kila mtu huliona kwanza. Mimi nimekaa na wale wa chini. Mmoja anafuta damu kwenye upanga wake. Wengine wanaburuta maiti za wale watu-mijusi. Wengine wameinamia ramani. Vita vimekwisha, mama! Mchoraji alikuwa na mapigano mazima ya kuchora, akayaacha, akachora watu wanaofanya usafi. Yule anayefuta upanga anaufuta kama baba yangu alivyokuwa akifuta msumeno jioni, bila kuuangalia, mawazo yakiwa kwenye chakula.

Mchoraji huyo aliitwa David Trampier, na kitabu ni cha mwaka 1978, mwongozo wa wachezaji wa Dungeons & Dragons. Mchezo wenyewe ulizaliwa Lake Geneva, mwendo usiozidi saa moja kutoka nyumbani kwetu. Abiria wangu wangapi nimewapeleka huko kuogelea, wala sikujua. Mwaka 1974 walichapisha nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya kasha, wakavipanga kwa mikono. Fedha ya michoro ilikuwa ndogo mno, na baadhi ya picha za kwanza zilifuatishwa moja kwa moja kutoka katuni za Marvel. Mikono minene, farasi wa kubabaisha. Ungemwonea huruma aliyezichora.

Ila kuna kitu kwenye mchezo huo kimenichekesha peke yangu jikoni. Yule mnyama anayekula chuma, mwenye mkia unaoishia kama pangaboi: alianza kuwa mdoli wa plastiki wa bei poa uliotengenezwa Hong Kong. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo, alinunua midoli hiyo dukani aitumie mezani, haifanani na mnyama yeyote duniani, ikabidi kila mmoja atungiwe tabia. Huyu akapewa kuozesha panga na ngao. Kwa jinsi chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji ilivyoila Toyota yangu ya kwanza, mimi naamini yupo.

Miaka iliyofuata walikuja mafundi wa rangi za mafuta. Kile kisanduku chekundu cha 1983 kina joka la Larry Elmore ambalo unaweza kuyahesabu magamba yake. Zuri, sibishi. Lakini mchoraji amemaliza kila kitu, mimi nimebaki kupiga makofi. Kwa Trampier weusi ni mwingi, mistari michache, na nusu ya mambo yamo gizani. Ile nyingine yake, ya mchawi anayetimua farasi katikati ya mtaa wenye matao, anarusha umeme mkononi: mji umemkosea nini? Haijaandikwa popote. Ana jina tu, Emirikol. Nimemtungia kisa tayari, nitakusimulia ukija.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Trampier alikuwa na katuni kwenye jarida la Dragon, na mwaka 1988 akaiacha katikati ya hadithi, akapotea. Wenzake wengine walidhani amekufa. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kule Carbondale, Illinois, likaandika habari za madereva teksi wa usiku, na mmoja wao akawa ni yeye. Aliendelea kuishi mjini humo mpaka alipofariki 2014. Mimi nimeendesha teksi usiku miaka 19. Najua kuna mambo mtu hutaki kuulizwa na abiria. Nilipolisoma hilo nikakaa kimya, kisha nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu kwamba kazini wanaona michoro yako ya wino ni ya kizamani na unafikiria kuacha. Sijui mambo ya ofisini kwenu na sitakuamulia. Nimeona tu hiki kitabu hakistahili kuendelea kukaa kwangu.

Dadu nimezifunga kwenye kile kijaluba cha mama yako, moja haionekani. Ukurasa wa mwisho una doa la mafuta, hilo ni langu, ni sambusa.

Na wale walioinamia ramani, mama, wanatafuta njia ya kutoka au wanazidi kuingia ndani? Nimewatazama mpaka macho yanauma. Jumapili ukipiga simu, uwe nacho mkononi.

Baba yako