Mama amerudi kutoka Mombo

Soni, Lushoto

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Kwanza usishtuke: mama yako ni mzima sasa, jana amepika mwenyewe. Lakini tulikaribia kumpoteza, na nimeona nikuandikie kwa kirefu kwa sababu kwenye simu atakwambia "kilikuwa kihoma tu".

Alishuka Mombo, kule nyikani chini ya milima yetu, kumsaidia mjomba wako kuvuna mpunga. Alilala siku nne kwenye kibanda cha shambani, bila chandarua. Akarudi mzima, anacheka, na gunia lake. Siku kumi na moja baadaye akaanza kutetemeka. Mvua ilikuwa inanyesha, basi kila mtu akasema ni baridi imemwingia. Chai ya tangawizi, parasetamo, blanketi la pili. Siku ya tatu nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anatapika, macho ya njano, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Hapo miguu yangu iliisha nguvu, shoga yangu. Vijana wakafunga machela, tukateremka naye saa mbili nzima kwenye utelezi mpaka barabara ya lami.

Kituoni walimtoboa kidole, wakapima kwa kile kipimo cha haraka. Malaria, tena kali. Alichomwa sindano ya atesuneti, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza, ndipo akaweza kumeza dawa ya mseto, vile vidonge vya malaria. Mganga alituuliza swali moja tu: "Wiki mbili zilizopita alikuwa wapi?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria Mombo.

Na sisi ndio tungepaswa kujua! Robert Koch, yule daktari Mjerumani, alipopita Usambara miaka ya 1890 aliandika kwamba watu wa hapa waliiita homa hiyo mbu, jina lilelile la mdudu, na kwamba walisema wanaipata wakishuka nyika. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuunganisha hayo mawili. Sisi tumebaki na nusu ya maneno yao, kwamba huku mlimani hakuna malaria. Ni kweli baridi hutusaidia, maana kijidudu chake huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Lakini mtu huumwa na mbu kule chini, homa ikamshika akiwa huku juu, siku saba mpaka kumi na nne baadaye, wakati amekwisha kuisahau safari. Tena watu wa Mombo miili yao imepambana nayo tangu utotoni. Yetu haijazoea, kwa hiyo huku hata mtu mzima huzidiwa upesi kama mtoto.

Homa ilipopoa akataka kuacha dawa. Nilikuta vidonge amevifunga kwenye pindo la khanga, anamwekea mjukuu! Nilikasirika, nikashindwa kuficha. Mwaka juzi mume wangu aliuziwa dukani vidonge vinane badala ya 24, akapata nafuu, kisha homa ikarudi na kumlaza. Basi nikahamia kwa mama. Asubuhi na jioni, siku tatu, nimemkalia mpaka amemeza, na kikombe cha maziwa, kwani dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikipata mafuta kidogo.

Sasa anasema atashuka tena kupandikiza miche. Simzuii, mpunga ule ndio ada ya watoto. Ila chandarua hataki, anasema atalala siku mbili tu. Mimi hanisikii, wewe ni kitinda mimba wake. Mpigie jioni, akiwa uwani ndipo mtandao unaposhika. Mwambie pia akipata homa yoyote akisharudi, hata kama ni ya mvua, aende akapimwe siku hiyohiyo na aseme ametoka Mombo.

Chandarua changu chenye dawa nimekikunja chini kabisa ya kikapu chake. Mwambie asikitoe.

Wako akupendaye,
jirani yenu wa chini ya mto