Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu wahadhiri na wakufunzi wa Lamu, assalamu alaikum, na kwa wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo.

Nianze na semina ya Machi, ile ya kuingiza elimu ya maendeleo endelevu, yaani maendeleo yasiyoharibu mazingira ya kesho, katika kozi zetu, maana najua mnangoja kuona kama nitaikwepa. Tulikodi ukumbi, tukaalika mtoa mada, akatupitisha kwenye slaidi tangu Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Elimu ya Maendeleo Endelevu, 2005 hadi 2014, hadi shabaha ya 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, inayotaka kila mwanafunzi apate maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo hayo ifikapo 2030. Yote ya kweli. Mbele ya kila mmoja wetu palikuwa na chupa ya maji ya plastiki, na jioni nilizikusanya mwenyewe, nyingi zikiwa zimenywewa nusu.

Miezi miwili baadaye nilipita nikiuliza: kozi yako imebadilika nini? Jibu likawa lile lile. Tumeongeza mhadhara mmoja mwishoni mwa muhula. Basi mnajua wanafunzi wa mwisho wa muhula. Wanauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani, na wakisikia haitoki, wanafunga daftari. Lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania ukumbi, na pesa za ukumbi ule zingetosha safari tatu za mashua.

Safari moja tuliifanya Oktoba, bahari ilipotulia. Kama mjuavyo, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii yetu, na wengi wetu tumekaa chini ya dari za boriti maisha yetu yote bila kuuona mti wake ukikatwa. Tulikwenda na mzee mmoja aliyekata mikoko tangu ujana wake. Mwenzetu anayefundisha uhasibu alishika mti akasema, "Boriti nzuri hii." Mzee akauzungushia vidole. "Mwalimu wangu, hii si boriti, hii ni mazio. Ukiiuza kwa bei ya boriti utagombana na watu." Akatupangia ngazi zote kwa unene, kuanzia mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kisha bei kwa korija, miti ishirini, na ndani yake kibali, chakula cha wakataji, jahazi, na wachukuzi wa gatini.

Mhasibu wetu alikuwa akiandika nyuma ya mkono wake, maana karatasi zilikuwa zimelowa. Akauliza, "Na mti wenyewe, mzee, umeuandika wapi katika hesabu hiyo?"

Mzee akacheka. "Mti wa Mungu, mwalimu."

Swali hilo sasa ni zoezi la mwaka wa pili. Wanafunzi wanaandaa hesabu ya korija moja ya boriti, halafu wanatakiwa waamue mti uliosimama, unaoshika tope na kufuga kamba na samaki wachanga, uingie safu gani. Kitabu hakina safu hiyo. Mhasibu wetu anawapa pia mfano wa Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, kwa hiyo mti ambao haujakatwa umepata bei. Nilikaa nyuma ya darasa siku moja. Walibishana hadi kipindi cha mwenzake kikaingia, na hakuna aliyeuliza habari za mtihani.

Mwenzetu wa ujenzi naye anawapeleka wanafunzi kwenye nyumba za mawe za Mkomani wapime upana wa vyumba, wajionee kwamba chumba ni chembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Wa sheria anatumia kesi ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Zoezi la visima vya Shela, la kupima chumvi ya maji chini ya matuta ya mchanga, bado halijakaa sawa, nami nisilisifu kabla ya wakati.

Tulichojifunza ni hiki. Kubadili mtaala kunapitia idara, seneti, na hata Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kubadili zoezi kunakuhitaji wewe na usiku mmoja. Kwa hiyo tumeacha semina. Kila mwezi, baada ya alasiri, mwanachama mmoja analeta zoezi lake barazani na wengine wanalivunja. Langu mwenyewe lilivunjwa vibaya Novemba. Nimelala nalo, nimelirudisha.

Kuna jambo linaloniuma. Chuo kimoja, nisikitaje, kilikataa kuzihesabu saa hizi za baraza kama mafunzo ya mhadhiri; mkuu mmoja wa idara alisema mambo ya mazingira yana idara yake. Na wenzetu wa mkataba, wanaolipwa kwa saa ya kusimama darasani, hawalipwi hata senti kwa usiku wa kuandika zoezi jipya. Ndio wengi wetu. Kupanda cheo kunahesabu makala zilizochapishwa, na kufundisha vizuri ni sadaka. Kamati imeandika barua mbili. Ya tatu nataka itoke kwenu leo, kwa kura.

Fedha ataeleza mweka hazina. Ni chache, na zimeonekana zilikokwenda.

Safari ijayo ni bamvua, maji makuu, ya kwanza ya Februari. Nafasi kumi na mbili, wa mkataba watangulie. Kila mtu aje na maji yake ndani ya chupa aliyokuwa nayo nyumbani, na daftari alitie kwenye mfuko usiopenya maji.