Shukrani kwa dada aliyenirekebishia waya wa eksileta

Dada uliyesimama kando ya barabara kunisaidia, sikupata jina lako, lakini nataka watu wajue ulichofanya. Gari lilikuwa halina nguvu kabisa mlimani: nakanyaga mafuta hadi chini, injini inaitika kwa kuchelewa.

Ulizima injini, ukafungua boneti, ukaniambia nikanyage pedali yote huku ukitazama. Kumbe kile kilango kinachoingiza hewa kwenye injini kilikuwa kinafunguka nusu tu, kwa sababu waya wa eksileta, ule unaokivuta ukikanyaga pedali, umelegea. Hukukimbilia kukaza. Kwanza ulipitisha kidole kwenye waya kuona kama kuna nyuzi zilizokatika. Ndipo ukalegeza nati ya kufungia kwa spana, ukazungusha ile ya kurekebishia kidogokidogo, ukaacha ulegevu wa milimita chache, maana waya ukivutwa mno injini hunguruma hata mguu ukiwa nje ya pedali. Ukakaza nati, ukaniambia nikanyage na kuachia tena mpaka uliporidhika kwamba kilango kinajifunga chenyewe. Hapo ndipo uliponiruhusu kuwasha. Uangalifu huo ndio ulionigusa zaidi. Wengine wangekaza na kuondoka.

Ndugu zangu mnaojua magari, mkimkuta mtu amekwama, simameni. Na wewe dada, ahsante sana, Mungu akuzidishie.