Kwa nini tunampangia msafiri wa peke yake kufika mchana, hata kwa kuchelewa

Wateja wengi wanaotuletea mashua zao tuziandae kwa safari ya peke yao baina ya visiwa vya tropiki hutuuliza kwanza kuhusu matanga, maji na chakula, na ni wachache wanaouliza watafika saa ngapi. Sisi huanzia hapo. Katika kilindi, upepo ukivuma kwa utulivu kutoka mashariki, mtu mmoja hana kazi nyingi. Hatari imejikusanya katika maili chache za mwisho, pale mwamba wa matumbawe unapoinuka ghafla.

Tuchukue safari ya maili 120 za baharini. Mashua inayong'oa nanga saa tatu asubuhi na kwenda maili 6 kwa saa itafika saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili, giza likiwa bado limetanda. Ikienda maili 5 itafika saa tatu asubuhi, na ikienda maili 4 itafika saa tisa alasiri. Kasi ndiyo inayoharibu mpango, na kwa hiyo tunamshauri mteja apunguze tanga kabla jua halijatua, hata kama mashua ingeweza kukimbia zaidi.

Mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitia kati ya matumbawe, husomwa kwa macho. Jua likiwa juu na mgongoni mwa msafiri, maji ya kina huonekana ya buluu nzito, mchanga wa maji mafupi huonekana kijani hafifu, na matumbawe yaliyokaribia uso wa maji huonekana ya kahawia. Jua likiwa usoni, yote hayo hugeuka kuwa mng'ao mmoja mweupe. Ikiwa mlango uko upande wa magharibi wa kisiwa, uliokingwa na upepo, msafiri huingia akielekea mashariki, naye hulipata jua mgongoni baada ya adhuhuri tu, kwa hiyo hapo saa tisa alasiri ni bora kuliko saa tatu asubuhi. Kivuli cha wingu nacho hufanana sana na mwamba, na anayekitilia shaka ni afadhali asubiri kipite.

Mimi mwenyewe niliwahi kufika usiku, nikiiamini skrini iliyonionyesha mlango ulio wazi mbele yangu, kisha nikasikia mawimbi yakivunjika upande ambao ramani ilichora maji ya kina. Niligeuza mashua papo hapo nikarudi nje. Setilaiti huonyesha kwa usahihi mahali mashua ilipo, lakini ramani za visiwa vya mbali mara nyingi zimechorwa kutokana na vipimo vya zamani, na mwamba unaweza kuwa mamia ya mita kutoka ulipochorwa.

Anayefika mapema tunamfundisha kuisimamisha mashua baharini: tanga la mbele huvutwa goshini, yaani upande uliko upepo, na kana, yaani mpini wa usukani, hufungwa demanini, upande unakoelekea upepo, mashua ikatulia na kusogea polepole. Husogea, lakini, na mkondo huiongezea. Kwa maili 1 tu kwa saa, usiku wa saa kumi ni maili 10, kwa hiyo haifai kungoja karibu na kisiwa kilicho upande inakosukumwa.

Kuhusu usingizi tunasema ukweli. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinataka chombo kiwe na mwangalizi wakati wote, na mtu aliye peke yake hawezi kulitimiza hilo kikamilifu. Taa ya mlingoti ya meli kubwa inatakiwa ionekane kutoka maili 6. Meli inayokwenda maili 20 kwa saa ikikabiliana na mashua inayokwenda maili 5, umbali huo huisha kwa dakika zisizofika 15. Ndiyo sababu tunafunga kengele ya kumwamsha msafiri kila baada ya dakika 10, na tunamwomba alale mchana vilevile, ili asiufikie mwamba akiwa amechoka.

Ili tukuandalie mpango, tuletee jina la mlango unaokusudia kuingia, tarehe, na kasi ambayo mashua yako imewahi kuandikiwa kwenye daftari la safari, si ile unayoitumaini. Tutahesabu kuanzia saa ya kuingia, tukirudi nyuma hadi saa ya kung'oa nanga.