Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: ruhusa iliyosahauliwa tangu 1925

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Sheria House, Nairobi.

Baba mkubwa wangu hununua piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, kila mwezi, na si kwa ajili ya harusi. Hulipaka kichwani mwenyewe, mbele ya kipande cha kioo alichokichomeka kwenye ukuta wa udongo, mpaka mvi zote zifunikwe. Ndevu ananyoa kabisa, maana anasema piko la ndevuni hujulikana hata kwa mbali. Ana miaka 70 na ushei. Kamili hatuijui, kwa kuwa tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ilikisiwa na karani.

Huku Kilifi, Mheshimiwa, mvi zimegeuka ushahidi wa uchawi. Kijana akigongwa na pikipiki, mtoto akishikwa na degedege, ramli hupigwa, na jina linalotoka ni la mzee wa boma. Mutsai, yaani mchawi. Likishatamkwa halirudi.

Mwaka juzi binamu yangu alikwenda ofisi ya chifu na kusema mbele ya watu kwamba baba mkubwa ndiye anayewamaliza watoto wetu. Mtoto wa mwisho kufariki alikufa kwa malaria na karatasi ya hospitali tunayo. Chifu hakuiomba. Aliandika tuhuma kwenye daftari lake, akatushauri tuketi kama ukoo, na tukishindwa kusikizana twende tukale kiraho. Yaani mzee wa miaka 70 na kitu aende kwa mganga akathibitishe kwa kiapo kwamba hajaua, ilhali aliyemsingizia arudi nyumbani akanywe chai.

Sisi tulidhani tuna kesi. Tukaenda polisi. Afisa aliyetupokea alikuwa mpole, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akatuambia: "Huyo hajakosa. Amekuja kushtaki kwa serikali."

Niliondoka pale na hasira nikaenda kuitafuta Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, nikitarajia kumsuta afisa yule. Nikakuta yuko sahihi. Ndiyo maana nakuandikia wewe na si mkubwa wake.

Unaijua sheria hiyo kuliko mimi, lakini wasomaji wengine wa barua hii huenda hawajawahi kuiona. Ni ya mwaka 1925, enzi za mkoloni. Kifungu cha 6 kinaanza vizuri: anayemtuhumu mtu kuwa mchawi, au kumtishia kwamba atamtuhumu, ana hatia, na adhabu yake ni kifungo au faini isiyozidi shilingi 500. (Hizo 500 leo hazikununulii hata mafuta ya kumpeleka mzee mjini na kumrudisha.) Kisha kinafuata kijisehemu kidogo mkiani: hayo hayamhusu mtu anayepeleka tuhuma yake kwa District Commissioner (mkuu wa wilaya), kwa polisi, kwa chifu, au kwa yeyote mwenye mamlaka. District Commissioner tumeshamzika pamoja na cheo chake. Ruhusa aliyoachiwa kuipokea ingali hai.

Nakiri naelewa walichokusudia. Afadhali mtu alete maneno yake ofisini kuliko ayapeleke kwa vijana wenye mapanga. Lakini sheria ilimfungulia mlalamishi mlango na ikasahau kumwambia chifu afanye nini mtu akishaingia. Haimwamuru amuulize ushahidi. Haimwambii kwamba mzee aliyetajwa ameanza kuwa hatarini dakika ile ile. Kwa hiyo kila chifu anatumia busara yake, na busara ya mtu aliyezaliwa kijiji kile kile huwa ni kiraho.

Na baada ya hapo mambo huharibika zaidi. Kijijini hawasemi "fulani alimshtaki mzee." Wanasema, "Hata kwa chifu anajulikana." Daftari la serikali limekuwa muhuri.

Sasa nikupe sehemu ambayo haikuandikwa katika daftari lile. Shamba letu lina hati yenye jina la babu, aliyekufa zamani, na mirathi haijafunguliwa hadi leo. Katika ndugu zake baba mkubwa ndiye aliyebaki, na ndiye anayekataa kuuza. Dalali alikuja na wapimaji mara mbili, na mara zote mbili mzee aliwatoa kwa fimbo. Haikupita miezi miwili tukaitwa kwa chifu. Binamu yangu si mjinga, wala sidhani kama anaamini uchawi kiasi anachosema. Anajua kwamba mzee akikimbia, shamba limebaki bila wa kulitetea.

Uliza katika kituo cha Kaya Godoma, kule Ganze, ambako wazee waliokimbia makwao wamepewa hifadhi. Anza na swali la uchawi kama unataka, ila usiondoke kabla hujauliza habari ya ekari. Wala msidhani ni ushamba wa Pwani peke yake. Mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Kisii kwa tuhuma hizi hizi.

Yakifika kwenye mauaji, sheria inazo kanuni zake na mahakama zake, na hapo sina la kukufundisha. Mimi nazungumzia zile wiki baina ya daftari na panga. Hapo ndipo mzee wetu alipo sasa.

Naomba kijisehemu kile kifutwe, au kama kuna hofu ya kuwazuia watu kuja ofisini, kiandikwe upya ili anayepokea tuhuma awe na wajibu: aiandike kama tishio dhidi ya aliyetajwa, aipeleke polisi siku hiyo hiyo, na aseme hadharani, pale pale barazani, kwamba serikali haijamwona mzee na kosa. Chifu atakayemtuma raia kula kiraho aadhibiwe.

La pili halihitaji hata Bunge. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 76, inampa msajili uwezo wa kuzuia shughuli yoyote juu ya kiwanja ili kukinga ulaghai, aombwe au asiombwe. Tafadhali washauri wenzako wa ardhi: mzee akitajwa mchawi, namba ya shamba lake iende kwa msajili, isiuzwe wala kugawanywa mpaka mambo yajulikane. Naamini ramli nyingi zitakoma kupigwa kwa kukosa mteja.

Tulishauriwa pia kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa kifamilia, maana hata vitisho vya ndugu vimo mle. Ni ushauri mzuri. Ila mahakama iko mbali, fomu ni za Kiingereza, na mzee ambaye hasomi atasimama pale peke yake akiwa na mwanawe wa ukoo upande wa pili. Sheria ya Msaada wa Kisheria tunayo tangu 2016. Wakili wake bado hajafika kwetu.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na kwamba familia pamoja na Dola wamtunze. Nilimsomea baba mkubwa maneno hayo jioni moja. Akaniuliza kama chifu naye anayo nakala.

Ofisi yako ndiyo inayoandika miswada ya serikali. Katika daftari la chifu wetu kuna ukurasa wenye jina la mzee, na chini yake mstari mmoja wa tuhuma. Chini ya mstari huo pako patupu. Nataka kujua sheria yako itamwagiza chifu aandike nini hapo, na lini, kwa sababu kopo la piko la mwezi huu limekaribia kwisha.

Mwana wa nduguye,
Kilifi.