Mto haupimwi kiangazi peke yake

Mhariri,

Ripoti nyingi za kutafuta maeneo ya mapumziko na hifadhi kandokando ya mito mikubwa zina kasoro moja: utafiti wake hufanywa kiangazi, gari linapoweza kufika hadi ukingoni. Picha huwa nzuri. Mvua zikija, choo kimo majini na njia ya miguu haionekani.

Anayechunguza mto aanze kwa kutazama miti. Takataka zilizonasa matawini na mstari wa tope kwenye magome vinaonyesha mafuriko yalifika wapi. Kisha apime mwendo wa maji. Chagua sehemu iliyonyooka, weka alama mbili umbali wa mita 20, tupa chungwa majini upande maji yanakotoka, kabla kidogo ya alama ya kwanza, uhesabu sekunde kutoka alama hadi alama. Chungwa linafaa kwa kuwa sehemu kubwa yake huzama, upepo haulisukumi. Rudia angalau mara tano, katikati na pembeni. Likitumia sekunde 25, kasi ya maji ya juujuu ni mita 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwani chini maji huenda taratibu, upate 0.68. Zidisha tena kwa upana na kina: mto wa upana wa mita 30 na kina cha wastani cha mita 1.5 unapitisha kama mita za ujazo 31 kwa sekunde. Kina kipimwe kutoka kwenye mashua kwa kamba yenye jiwe. Penye mamba hakuna cha kuingia majini. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Kirudiwe kila mwezi mwaka mzima, ndipo ijulikane ni miezi gani mtumbwi utapita na miezi gani utakwama.

Tatizo kubwa zaidi ni mafungu ya mchanga. Yanapojitokeza kiangazi, kila mpangaji huyawekea alama ya hema, na majira hayo hayo mamba na baadhi ya ndege wa mtoni hutaga hapo. Kiota cha ndege hao ni kishimo tu, mayai yana rangi ya mchanga, na mtu huyakanyaga bila kujua. Hata wimbi la boti ya injini hutosha kuyasomba. Fungu lenye viota lifungwe hadi makinda yaruke.

Hema lisipigwe pia kwenye mapito ya kiboko, ambayo hutambulika kwa mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati. Gati lisijengwe kwenye ukingo wa nje wa kona, maji hula udongo hapo. Choo kikae mita 60 au zaidi kutoka majini. Na wageni wasitawanywe eti kupunguza uharibifu: majani hufa na udongo hushindiliwa na watu wa mwanzo kabisa, kwa hiyo kambi chache zinazotumika sana zina nafuu kuliko nyingi zinazotumika kidogo.

La mwisho ni mabwawa. Kwenye Nile Nyeupe, Uganda, bwawa la Bujagali lililoanza kazi 2012 lilizamisha maporomoko yaliyokuwa yakivuta waendesha mashua za mpira. Wakahamia chini zaidi, na 2019 bwawa la Isimba likafunika mengine. Mipango ya umeme isomwe kabla ya kuchora ramani ya utalii. Penye bwawa tayari, iombwe ratiba ya kufungulia maji, kwa sababu mto unaweza kujaa ghafla wakati hakuna hata wingu angani.

Ni sisi wasomaji wenu.